Wasifu wa Marehemu Baba au Babu: Mwongozo Kamili wa Kuuandika Kati ya Taarifa ya Msiba na Siku ya Mazishi

Wasifu unaosomwa misibani kwetu Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hukwama palepale kila mara. Mzee ameishi miaka themanini na ushee, amelea watoto wake na wa ndugu zake, amesomesha, amejenga. Kisha karatasi inasomwa: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, akaanza kusumbuliwa na sukari na presha, akalazwa, akahamishiwa Rufaa, akafariki. Nusu nzima ni hospitali. Wajukuu waliosimama pembeni ya turubai hawamsikii babu yao hata kwa mstari mmoja.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeambiwa usiku, "wewe uliyesoma ndiye utakayeandika," na mazishi ni keshokutwa. Muda huo unatosha ukifuata mpangilio. Kwa familia za Kiislamu, ambako mazishi hayasubiri, soma maneno machache siku ya maziko, halafu fanya kazi yote iliyo hapa kwa ajili ya hitima au arobaini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari jipya na kalamu mbili. Usiandike nyuma ya bahasha ya rambirambi, itapotea na michango.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti na kupiga picha, pamoja na chaja.
- Nyaraka za mzee: kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo au cha ndoa, kadi ya TANU au CCM, barua za ajira na za kustaafu, kadi ya chama cha ushirika, hata stakabadhi za zamani za kodi ya kichwa kama zipo.
- Picha zake, hasa zenye maandishi nyuma.
- Majina ya watu wanne wa kuongea nao: aliyekua naye, mjane, aliyefanya naye kazi, na mjukuu aliyekaa naye.
- Kompyuta, au namba ya mtu wa stesheneri anayeweza kuchapa usiku.

## Hatua ya 1: Pata mwandishi mmoja na msomaji mmoja

Kamati ya mazishi ikikaa mara ya kwanza, omba itaje majina mawili mbele ya wote. Wasifu unaoandikwa na kundi zima la WhatsApp la familia hutoka na miaka miwili tofauti ya kuzaliwa na majina ya wajukuu yaliyorudiwa.

Mwandishi si lazima awe msomaji. Mtoto wa kwanza ndiye hupewa heshima ya kusoma, lakini mara nyingi ndiye pia anayeshindwa kufika ukurasa wa pili. Mjukuu mtu mzima mwenye sauti tulivu hufaa zaidi. Ila uliza wazee kwanza: zipo koo ambazo msomaji hutoka upande wa baba tu, na si wakati wa kubishana.

## Hatua ya 2: Anza na karatasi, si maneno

Piga picha kila hati, kisha irudishe papo hapo kwa mwenye kuitunza. Hati halisi zitahitajika kwa cheti cha kifo, mirathi na mafao, na nyumba ya msiba ina mikono mingi.

Andika pembeni kila karatasi inathibitisha nini hasa. Cheti cha ubatizo wa mtu mzima kinathibitisha mwaka aliobatizwa, basi. Kadi ya TANU inakuambia alijiunga kabla ya Februari 5, 1977, siku TANU ilipoungana na ASP kuwa CCM. Barua ya kustaafu ndiyo hati ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu hubeba cheo, kituo cha kazi na tarehe pamoja.

## Hatua ya 3: Tafuta mwaka wa kuzaliwa usioaibisha

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo tulia.

Wazee wetu wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walipofika kwenye madawati ya uandikishaji walikadiriwa. Ukiona kitambulisho kinasema Januari 1, kuna uwezekano mkubwa siku hiyo ilijazwa na karani. Mwaka nao huenda ulikadiriwa, au ulipunguzwa kijanja wakati wa kutafuta kazi.

Kwanza, tafuta kitabu cha ubatizo. Misheni za kwetu ni za zamani: Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wakaweka vituo kama Manow, Kidugala na Ilembula, Wakatoliki wakajenga Tosamaganga. Aliyebatizwa mchanga huenda tarehe yake ya kuzaliwa imo humo. Mpigie mchungaji au katibu wa parokia asubuhi na mapema, umtajie jina la ubatizo, jina la baba yake na mtaa.

Pili, kama kitabu hakipo, mweke mzee kwenye matukio. Muulize ndugu yake au rika lake: wakati fulani, yeye alikuwa wa namna gani? Anachunga ndama, ameoa, ana watoto wangapi? Matukio yanayokumbukwa vizuri huku kwetu ni haya:

- Kurudi kwa askari wa Vita Kuu ya Pili, baada ya 1945.
- Uhuru, Desemba 9, 1961. Waliokwenda Wenela, yaani migodi ya Afrika Kusini, wengi walikwenda kabla ya hapo.
- Azimio la Arusha, Februari 1967.
- Bomba la mafuta la TAZAMA kuanza kazi, 1968.
- Ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Karibu kila familia kati ya Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma ina mtu aliyewahi kubeba mataruma au kuwauzia Wachina mboga.
- Kuuawa kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, huko Isimani, Krismasi ya 1971. Wazee wa Iringa wanakumbuka walikuwa wapi siku hiyo.
- Operesheni Vijiji, kuanzia mwishoni mwa 1973 hadi 1976. Uliza: alihamishwa akiwa na nyumba yake au bado yuko kwa baba yake?
- Vita vya Kagera, 1978 na 1979.

Tatu, piga hesabu ya kukagua. Kitambulisho kinasema 1948. Mtoto wa kwanza alizaliwa 1961. Hapo baba angekuwa na miaka 13, na waombolezaji watahesabu kichwani wakiwa wamekaa kwenye mabenchi. Kama kaka yake anasema wakati wa Uhuru alikuwa ameoa na ana mtoto mchanga, mwaka wake uko karibu na 1940 au kabla.

Ukibaki na makadirio, yataje kuwa ni makadirio: "alizaliwa miaka ya mwisho ya 1930." Hakuna atakayekucheka. Wanacheka pale unaposema Januari 1, 1948 kwa ujasiri.

Tahadhari: wasifu haubadilishi hati. Fomu za cheti cha kifo na mafao zijazwe kwa tarehe iliyo kwenye nyaraka zake rasmi, hata kama ukoo mzima unajua ni ya karani. Tofauti hizo ndizo huwazungusha wajane ofisi kwa ofisi.

Mahali pa kuzaliwa nako kuna mtego. Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, na Mbozi ndani ya Mbeya hadi Songwe ilipoanzishwa 2016. Kyela nayo ilikuwa sehemu ya Rungwe. Andika kijiji kwanza, kisha "ambacho sasa kipo wilaya ya…" na umemaliza.

Utajua hatua hii imefaulu pale ndugu yake mkubwa atakaposikia mwaka huo na kuendelea kunywa chai yake.

## Hatua ya 4: Uliza maswali yanayotoa mtu, si sifa

Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda watu." Hayo yamesomwa kwa kila marehemu kuanzia Mafinga hadi Kyela. Uliza vitu vyenye mahali, saa na mikono.

Usiku kwenye moto, wanaume wakijikunja kwenye mablanketi, ndiyo saa nzuri. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Kaa chini, usisimame na daftari kama afisa wa sensa.

Kwa aliyekua naye:
- Mlichunga wapi? Nani alikuwa anapigwa zaidi?
- Aliishia darasa la ngapi, na kwa nini? (Wakati wa mkoloni mtihani wa darasa la nne uliwakata wengi. "Aliishia la nne" huenda ni habari ya ada au ya ng'ombe wa baba yake, wala si ya uwezo wake.)

Kwa mjane, ukimwendea kwa adabu na akiwa na mtu wake karibu:
- Alikuja kukuposa na nani?
- Aliuza nini ili mtoto fulani aende sekondari?
- Kitu gani hakuwahi kukubali kifanyike nyumbani kwake?

Mjane asipotaka kuongea, mwache. Dada yake au mkwe wake wa kike atakuwa anajua nusu ya majibu.

Kwa aliyefanya naye kazi, usiridhike na jina la mwajiri. "Alifanya kazi Mgololo" haitoshi: alikata magogo, alikaa kwenye mashine za karatasi, au alikuwa karani wa stoo? "Alikuwa reli" inaweza kuwa fundi wa njia, mpiga bendera au mkata tiketi. Kwa mkulima ni vilevile, tena zaidi, kwa kuwa wakulima ndio huandikiwa mstari mmoja, "alijishughulisha na kilimo." Kilimo cha nini? Chai ya Katumba, kahawa ya Mbozi, mpunga wa Kyela, pareto, viazi vya Umalila na miti ya mbao ya Mufindi ni maisha tofauti kabisa, yenye saa tofauti za kuamka.

Kwa wajukuu, nenda peke yako, wazee wasiwepo. Waulize babu alikuwa anakaa wapi, mfukoni alikuwa na nini, aliwaita majina gani, aliwafundisha kazi gani, na hadithi ipi aliirudia mpaka wakaichoka. Mtoto wa miaka minane atakupa mstari ambao baba zake wote hawana.

Baba wengi wa kizazi hicho hawakuwapo nyumbani kwa miaka. Walikuwa Wenela, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, Chunya kwenye dhahabu, au kambi za reli. Usilifiche hilo. Uliza alituma nini, kwa nani, na alirudi akiwa na nini. Ubaba wa mbali nao una matendo yake, na watoto wake wanajua tofauti kati ya aliyetuma na asiyetuma.

Umefaulu ukiwa na mambo matano au sita ambayo hayawezi kusomwa kwenye msiba wa mtu mwingine.

## Hatua ya 5: Orodha ya familia, na mabomu yake

Sehemu hii ni fupi kuisoma lakini ndiyo inayovunja misiba.

Andika wake, watoto, wajukuu na vitukuu kwenye ukurasa wake, kisha uupeleke kwa wazee wawili wa ukoo kabla ya kuchapa. Waachie wao uamuzi wa nani anatajwa na kwa utaratibu gani, halafu uandike walivyokubaliana. Wewe ni mwandishi, si hakimu.

Mambo ya kuwauliza waziwazi:

- Kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa? Kumwacha nje ya orodha mbele ya umati ni jambo litakaloibuka kwenye kikao cha ukoo cha mirathi, na huenda likafika Mahakama ya Mwanzo. Wasifu si hati ya urithi, lakini watu hupiga picha.
- Watoto waliotangulia mbele za haki wanatajwa? Napendelea watajwe. Mama yao amekaa pale.
- Watoto wa ndugu aliowalea kama wake watahesabiwa au watatajwa kwa sentensi yao? Sentensi yao ni salama zaidi na ina heshima: "alilea pia watoto watatu wa marehemu dada yake."
- Kama wake walikuwa wawili, nani anatajwa kwanza?

Hesabu wajukuu kwa majina, si kwa kukisia. Kila familia ina binti aliyeko mbali ambaye mtoto wake wa mwisho husahaulika, na binti huyo atakuwa amesafiri usiku kucha kuja.

## Hatua ya 6: Andika, maneno 600 hadi 700

Kwa mwendo wa msibani hiyo ni kama dakika saba. Bado kuna mahubiri, salamu za serikali ya kijiji, za chama na za majirani, na mawingu ya Tukuyu hayana subira.

Gawanya hivi: kuzaliwa na malezi, aya moja. Shule na kazi, aya mbili. Yeye kama mume, baba na babu, aya tatu au nne, na hapa ndipo maneno mengi yaende. Imani na utumishi kijijini, aya moja. Kuugua, mistari mitatu. Familia aliyoiacha, kisha neno la mwisho la dini yenu.

Tazama tofauti. Aya ya kawaida:

> Marehemu alikuwa mtu mwenye upendo, mchapakazi na mcha Mungu. Aliwapenda sana watoto na wajukuu wake. Ameacha pengo lisilozibika.

Sasa mfano niliouunda, wa mzee mstaafu wa reli:

> Baba alipostaafu alipanda mparachichi mmoja kwa kila mjukuu aliyezaliwa, akaandika jina kwa rangi kwenye kibao. Mjukuu akija likizo alikabidhiwa jembe kabla ya kupewa chai. Aliyeacha majani kwenye shina lake alisomewa ratiba ya treni kama kibarua aliyechelewa zamu. Matunda yalipouzwa, fedha ya kila mti ilikwenda kwenye sare za mwenye jina.

Neno upendo halimo, na kila aliyesikia amelielewa. Njia ni ileile kila mara: toa sifa, weka tendo lililoizaa.

Vipi kuhusu ukali, pombe, ugomvi na kaka? Usiseme uongo, na usifungue kesi. "Alikuwa mkali, na sisi watoto wake tulimwogopa kabla ya kumwelewa" ni sentensi ya kweli ambayo haimvui mtu nguo. Kama alikuwa mlevi wa ulanzi na kijiji kizima kinajua, usimwite mtu wa kiasi. Nyamaza tu sehemu hiyo.

Chagua kama unaandika "marehemu" au "baba" na ushike hilo moja. Mimi huandika "baba" au "babu" baada ya aya ya kwanza, kwa sababu "marehemu" alipokuwa anachunga ng'ombe hakuwa marehemu.

## Hatua ya 7: Ugonjwa, mistari mitatu tu

Lini alianza kudhoofika, nani walimuuguza, lini na wapi alifariki. Washukuru waliomuuguza kwa majina, hasa yule binti au mkwe aliyekuwa akimwosha.

Usitaje majibu ya vipimo, dawa, wala nani alichelewa kuleta gari. Siri za afya yake hazikuisha alipofariki, na lawama ikishapita kwenye spika hairudi.

## Hatua ya 8: Pitisha kwa watu watatu

Mmoja wa ukoo wake kwa tarehe na majina. Mmoja wa upande wa mjane, kwa sababu wakwe huonewa kwenye karatasi hizi. Na mchungaji, padri, shehe au katibu wa kamati, kwa muda na utaratibu.

Wape saa ya mwisho: "nirudishie kabla ya saa mbili usiku." Baada ya hapo usikubali nyongeza ila kosa la jina au la tarehe. Lazima atatokea mtu saa nne usiku anayetaka cheo chake kitajwe.

## Hatua ya 9: Kuchapa na kusoma

Chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba. Usiibane pini: kwenye upepo wa makaburini kurasa zilizobanwa hupindana. Toa nakala nne, na moja iwe mkononi mwa msomaji wa akiba anayesimama karibu. Msitegemee simu. Mvua, mwanga wa jua na chaji vimewaumbua wengi.

Msomaji asome kwa sauti mara mbili usiku huo, akiweka alama ya penseli mahali pa kupumua. Palipomkaba koo kwenye mazoezi patamkaba tena. Aweke pumzi kabla ya sentensi hiyo, au ampishe msomaji wa akiba aisome yeye.

Majina ya ukoo yasomwe kwa lafudhi ya wenyewe. Neno moja la kilugha linatosha kuamsha wazee: "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "Mugonile" kwa Wanyakyusa, na "ndaga fijo" mwishoni kuwashukuru. Zaidi ya hapo, wageni wa kutoka mbali wanaachwa nje.

Mikrofoni iwe umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa.

## Hatua ya 10: Baada ya matanga

Rekebisha makosa yaliyosemwa pembeni siku ya mazishi, maana yatakuwapo, na yale ya wazee huwa na thamani kuliko karatasi yako. Hifadhi nakala iliyosahihishwa pamoja na zile sauti ulizorekodi kwa watu wawili wanaokaa miji tofauti.

Siku ya kutengeneza kaburi, mpelekee fundi jina na tarehe zilizokubaliwa, zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na uzisome naye moja baada ya nyingine kabla hajachanganya saruji. Usimtajie kwa simu. Fundi huandika alichosikia, na kuvunja maandishi yaliyokauka ni gharama nyingine.